Sauti Bila Mwili, Mwili Bila Sauti: Uhakiki wa Filamu ya Parsifal

1. Utangulizi

Opera ya Parsifal, kazi ya mwisho ya mtunzi Mjerumani Richard Wagner, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Bayreuth tarehe 26 Julai 1882. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1982, mwongozaji Hans-Jürgen Syberberg aliitoa kama filamu yenye urefu wa zaidi ya saa nne. Makala haya yanakusudia kuihakiki filamu hiyo kwa swali moja: je, kinachoimbwa na kinachoonyeshwa vinashuhudia jambo lile lile?

Huenda msomaji akauliza kwa nini watumishi wa Neno wajishughulishe na opera. Jibu ni kwamba katika kazi hii Meza ya Bwana, ubatizo na Ijumaa Kuu vimewekwa jukwaani. Wagner alibatizwa mwaka 1813 katika Kanisa la Mtakatifu Thomas mjini Leipzig, ambako Bach alikuwa ameongoza muziki tangu 1723 hadi kufa kwake mwaka 1750. Lakini mwaka 1880 aliandika kwamba dini inapogeuka kuwa mambo ya kubuni tu, ni kazi ya sanaa kukiokoa kiini chake. Hilo ni dai zito. Mwanatheolojia hana budi kulijibu, naye hawezi kulijibu vema asipoisikiliza kwanza kazi yenyewe.

2. Hadithi kwa ufupi

Mashujaa wa Grali wanakilinda kikombe cha Karamu ya Mwisho pamoja na mkuki uliomchoma Bwana ubavuni. Mfalme wao Amfortas ametongozwa na Kundry, mwanamke aliyelaaniwa kwa kumcheka Mwokozi njiani kwenda msalabani. Mchawi Klingsor, aliyejihasi ili aupate utakatifu kwa nguvu, amemnyang'anya mfalme mkuki na kumtia jeraha lisilopona. Anayeweza kumponya ni mjinga asiye na hatia atakayepata hekima kwa kuhurumia. Huyo ndiye Parsifal. Kundry anapombusu, kijana huyu analihisi jeraha la Amfortas ndani yake mwenyewe. Anamkataa Kundry, anaurudisha mkuki, na siku ya Ijumaa Kuu anambatiza mwanamke huyo na kumponya mfalme.

3. Njia aliyoichagua mwongozaji

Syberberg hakupiga picha jukwaani Bayreuth. Alijenga studioni sura kubwa mno ya Wagner aliyekufa, iliyofinyangwa kwa mfano wa ile iliyochukuliwa usoni pake baada ya kufa mwaka 1883, na waigizaji wanatembea juu yake na ndani ya mipasuko yake kama watu watembeao kwenye miamba. Muziki ulirekodiwa kwanza, Armin Jordan akiongoza Okestra ya Filamoniki ya Monte Carlo; kisha waigizaji wakafuatisha kwa midomo sauti zilizokwisha kurekodiwa.

Katika wahusika wakuu, wawili tu ndio tunaowaona na kuwasikia kwa pamoja: Robert Lloyd katika nafasi ya mzee Gurnemanz, na Aage Haugland katika nafasi ya Klingsor. Wengine wamegawanywa. Kundry anaigizwa na Edith Clever, lakini anayeimba ni Yvonne Minton. Amfortas anaigizwa na Jordan mwenyewe, kiongozi wa okestra, huku sauti ikiwa ya Wolfgang Schöne. Parsifal anaimbwa na Reiner Goldberg, lakini ana miili miwili: kwanza kijana wa kiume, Michael Kutter, na baada ya busu la Kundry, msichana, Karin Krick.

4. Pale maonyesho yanapoushinda uimbaji

Tuanze na busu hilo, maana ndilo kiini cha opera nzima. Wagner amemtaka mwimbaji wa teno, au sauti ya tatu kama wanakwaya wetu waiitavyo, afanye kazi ngumu: aingie katika busu akiwa mtoto na kutoka akiwa mtu aliyeyajua maumivu ya mwenzake. Goldberg anaimba kwa nguvu na kwa usahihi, lakini rangi ya sauti yake haibadiliki. Mtu akifumba macho, ataujua mgeuko huo kwa sababu okestra inamwambia, si kwa sababu mwimbaji anamwonyesha.

Akifumbua macho, mambo ni mengine. Kijana anarudi nyuma, msichana anajitokeza mahali pake, na kutoka kinywani mwake inatoka sauti ile ile ya kiume. Wako watakaoiona hiyo kuwa hila ya kushangaza watu tu. Kwa maoni yangu ni kinyume chake. Mwili umekuwa mwingine kabisa, lakini sauti inatushuhudia kwamba ni yule yule. Mwenye kufundisha juu ya mtu wa kale na mtu mpya anajua jinsi ilivyo vigumu kuyasema hayo mawili kwa pamoja, kwamba aliyefanywa upya ni mwingine naye ni yule yule. Hapa maonyesho yamefanya kazi ambayo uimbaji uliiacha.

Kwa Kundry ushindi wa maonyesho ni mdogo zaidi. Minton ana sauti yenye joto na utu. Kwenye neno la kukiri kwamba alimcheka Mwokozi, Wagner ameidondosha sauti kutoka juu kabisa hadi chini, karibu oktava mbili kwa mruko mmoja, na hapo Minton anasikika akijitahidi. Kamera lakini imeutulia uso wa Clever kwa muda mrefu bila kuondoka, na uso ule unaibeba aibu ambayo sauti peke yake isingeibeba. Wanawake hao wawili wamemfanya mtu mmoja, hata mtazamaji asahau kwamba ni wawili.

5. Pale uimbaji unapoyashinda maonyesho

Kwa Amfortas mambo yamegeuka. Syberberg amelitoa jeraha mwilini mwa mfalme na kuliweka juu ya mto, likabebwa mbele yake kama kitu cha kuabudiwa. Ni picha isiyosahaulika, nayo ina ukweli wake, kwa kuwa jumuiya hii imelizoea jeraha la mfalme wake kiasi cha kulifanya sehemu ya ibada. Hata hivyo, kwa mafundisho, picha hiyo inapotosha. Dhambi haikai juu ya mto nje ya mwenye dhambi. Ingekuwa hivyo, Amfortas angeinuka na kuondoka zake. Aliye sahihi hapa ni Schöne. Anapolia kuomba rehema, jeraha linarudi mwilini. Tunasikia mtu asiyeweza kujitenga na alilolitenda. Jordan, pamoja na bidii yake yote, anabaki mtu anayefuatisha maneno kwa midomo.

Kadhalika katika karamu ya Grali. Wagner aliagiza sauti zitoke katika ngazi tatu: mashujaa chini, vijana katikati, na wavulana juu kabisa kubani, ili msikilizaji ausikie urefu wa nyumba. Okestra inaileta ile Amina ya Dresden, ambayo Mendelssohn naye aliitumia katika Simfonia ya Matengenezo. Hapo picha nyingi za Syberberg zinagombana na muziki unaotaka utulivu. Mtume Paulo katika Warumi 10 anaiunganisha imani na sikio. Katika sehemu hii sikio limepewa cha kutosha, na jicho limeshibishwa kupita kiasi.

Aliye salama kuliko wote ni Lloyd. Simulizi zake ni ndefu, lakini besi yake imetulia, matamshi ni safi, na uso unaoonekana ndio uso unaoimba. Hana ufundi wa kujionyesha. Tunamwamini kwa sababu neno na mwenye neno ni kitu kimoja.

6. Maonyesho kama shahidi wa mashtaka

Liko jambo moja ambalo uimbaji mzuri kuliko wote usingeweza kulifanya. Gurnemanz anapomwongoza Parsifal kwenda ngomeni, muziki ni wa fahari kuu, lakini njia wanayopita imepangwa bendera za historia ya Ujerumani, na miongoni mwao imo ile ya Wanazi. Wagner alichapisha mwaka 1850 maandiko ya kuwadharau Wayahudi katika muziki, akayatoa tena mwaka 1869 kwa jina lake. Parsifal hii, yenye kuimba juu ya damu safi, iliongozwa mara ya kwanza na Hermann Levi, mwana wa rabi. Masikio yetu hulewa upesi. Syberberg anatulazimisha kusikiliza huku tukitazama mahali ambapo ndoto ya usafi usio na toba iliwafikisha watu.

7. Hitimisho

Hukumu yangu ni kwamba filamu hii ina uimbaji mwema, usio bora katika kila nafasi, na maonyesho yenye nguvu, yasiyo ya kweli katika kila tendo. Thamani yake ni kwamba kimoja kinakihukumu kingine. Hata hivyo, vyote viwili haviwezi kuziba pengo lililomo katika kazi yenyewe: jina la Yesu Kristo halitamkwi katika opera nzima. Anatajwa Mwokozi, na mwishoni mwokozi huyo anahitaji kuokolewa naye. Kikombe kinang'aa, lakini ahadi ya msamaha haisemwi kwa mtu yeyote. Kwa hiyo dai la mwaka 1880 halijathibitika. Sanaa imeuhifadhi uzuri wa Meza, nayo haikuweza kuihifadhi ahadi yake.

Jambo hili halituhusu sisi kwa mbali tu. Kwaya zetu nazo hurekodi kwanza studioni, kisha hufuatisha kwa midomo mbele ya kamera, penye maua na maporomoko ya maji. Si kosa kufanya hivyo. Yafaa tu tuulize, kila tunapotazama, kama uso ule unaliamini neno lile. Swali hilo hilo washarika wana haki ya kumwuliza yeyote asimamaye madhabahuni.