Zaidi ya Taharuki: Hofu Inayojengeka Polepole katika Riwaya

Katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili, istilahi ya taharuki imebebeshwa mzigo unaoizidi nguvu. Hutumika kwa riwaya ya upelelezi, ya mapenzi na ya kihistoria bila kubagua, kwa maana ya hamu ya msomaji kujua litakalofuata. Hata hivyo, zipo riwaya zinazomtia msomaji hofu pasi na kumficha mwisho.

Rebecca (1938) ya Daphne du Maurier ni mojawapo. Kurasa zake za mwanzo zinadokeza kwamba jumba la Manderley limekwisha kuwa gofu. Mke wa kwanza, ambaye jina lake ndilo anwani ya riwaya, ni marehemu tangu mwanzo na haonekani hata mara moja. Mke wa pili, anayesimulia, hapewi jina. Hakuna jini wala damu. Kuna chumba kinachotunzwa kama kwamba mwenyewe atarudi jioni, na Bi. Danvers, msimamizi wa nyumba, anayehifadhi mavazi ya marehemu. Shirley Jackson anathubutu zaidi katika We Have Always Lived in the Castle (1962). Merricat, msichana wa miaka 18, anataja vifo vya jamaa zake katika aya ya kwanza, kwa sauti ileile anayotumia kutaja vitu avipendavyo. Sumu ilikuwa ndani ya sukari. Utulivu huo wa sauti ndio unaotisha, kwani msomaji hupata habari kabla ya kupata woga.

Je, Kiswahili kina riwaya ya namna hii? Mtu angeikimbilia Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, maana anwani yake inaahidi mengi. Lakini Bwana Msa huja na kiko chake na mantiki yake, na kila kivuli hupata maelezo. Hiyo ni sifa ya upelelezi, si kasoro. Ila hofu hufukuzwa pamoja na fumbo.

Inayostahili kupendekezwa ni Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi. Wahakiki wameizoea kama riwaya ya udhanaishi. Usomaji huo ni sahihi, lakini umeifanya ionekane kama hoja, na wanafunzi huiendea kama waendeao somo. Ikisomwa kama riwaya ya hofu, mpangilio wake hubadilika mbele ya macho. Kazimoto anarudi nyumbani Ukerewe. Dada yake Rukia anafariki, kisha mama yao. Misiba hiyo inasimuliwa bila kelele. Baadaye anatokea mtoto wa Manase, mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi. Aliyekwisha kumwona mtoto huyo husoma habari za ujauzito wa Sabina, mke wa Kazimoto, kwa wasiwasi usiohitaji kutamkwa. Tena jalada lenyewe lilikwisha kusema: neno ambalo msomaji alilichukua kuwa tusi la mtu mkaidi linageuka kuwa jina la mwili.

Pana mahali ambapo tafakuri ndefu za Kazimoto hulegeza kamba hii, hasa anapobishana juu ya Mungu na maana ya maisha. Msomaji mwenye haraka huziruka. Asiziruke: ndimo bunduki ya mwisho inamoandaliwa, sentensi kwa sentensi, muda mrefu kabla haijashikwa.