Mamba Muntu wa Katanga: Picha Inayoficha, Hadithi Inayofichua

1. Utangulizi

Miongoni mwa viumbe wa ajabu wanaotajwa katika Kiswahili cha ukanda wa shaba wa Kongo, kuanzia Lubumbashi kupitia Likasi na Tenke hadi Kolwezi, mamba muntu ana umaarufu wa pekee. Huyu ni mwanamke wa majini, binadamu kiunoni kwenda juu na samaki kiunoni kwenda chini. Wahakiki wamemshughulikia zaidi kama picha. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, katika uchunguzi wao wa uchoraji wa Shaba uliochapishwa mwaka 1976, walionyesha kwamba michoro ya aina hii ilitundikwa sebuleni na kuhesabiwa kuwa ukumbusho, yaani kitu kinachomfanya mtazamaji akumbuke na kutafakari. Makala haya yanashikilia kwamba picha hiyo haisomeki ipasavyo bila hadithi inayosimuliwa mbele yake, kwa kuwa hadithi hulitaja jambo ambalo picha hulificha: ni nani aliyelipa gharama ya utajiri.

2. Jina na Umbo

Jina na umbo havipatani. Jina lamtaja mamba, mnyama anayeua. Mchoro waonyesha samaki na mwanamke mzuri mwenye nywele ndefu, chanuo na kioo. Wapo wanaotosheka kueleza kwamba umbo hili ni jamaa ya Mami Wata wa Afrika Magharibi, ambaye sura yake ilitokana kwa sehemu kubwa na picha ya mwanamke mcheza na nyoka iliyopigwa chapa Hamburg katika miaka ya 1880. Asili hiyo ni ya kweli, lakini haielezi kwa nini watu wa Katanga walimpa kiumbe huyu jina la mamba. Inaelekea kwamba jina lilihifadhi hofu ambayo uzuri wa mchoro ungeisahaulisha. Hapa pana tofauti pia na chunusi wa pwani: chunusi humzamisha mwogeleaji bila mapatano yoyote, ilhali mamba muntu hupatana na mtu kwanza.

3. Ndoto na Mauti

Muhtasari wa hadithi unafahamika. Mwanamume huokota kitu cha mamba muntu, mara nyingi unywele wake. Usiku mwenye kitu humjia ndotoni kukidai, na mwanamume huahidiwa mali kwa masharti, la kwanza likiwa kutunza siri. Mali huja. Kisha hufa mtu wa nyumbani.

Kifani, hadithi hii husimuliwa kutoka mwisho. Jirani hutajirika ghafla; mtoto wake hufariki; ndipo ndoto na unywele hutafutwa nyuma ya matukio hayo mawili. Sadfa hugeuka kuwa utabiri baada ya mambo kutokea, na kwa sababu sharti lilikuwa siri, kukana kwa mtuhumiwa huwa ushahidi dhidi yake. Hiyo ndiyo nguvu ya hadithi, na ndiyo hatari yake pia. Baba aliyefiwa anaweza kujikuta akihesabiwa kuwa muuzaji wa mwanawe.

4. Mali Isiyo na Jasho

Usomaji mmoja huuita mkasa huu ushirikina na kuufunga. Mwingine huuona kuwa fumbo la ubepari wa migodini. Wa pili una mashiko zaidi. Katika nchi ambayo Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilipanga mshahara, nyumba na posho ya mfanyakazi, kila mtu alijua kiasi ambacho jasho lingeweza kuleta. Mali iliyozidi hapo ilihitaji maelezo. Lualaba wa mamba muntu ndio uleule ambao maji yake, tangu mabwawa ya miaka ya 1950 karibu na Kolwezi, yanazalisha umeme wa viwanda vya shaba. Gécamines nayo, iliyorithi migodi baada ya kutaifishwa, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, na chini ya 50,000 mwaka 1993. Tangu mwaka 2009 mgodi mkubwa wa Tenke Fungurume unazalisha shaba na kobalti. Swali la mali inayotoka chini ya ardhi na kuwapita wenyeji halijafungwa.

Hata hivyo, usomaji wa fumbo una upungufu wake. Ukimgeuza mamba muntu kuwa mtaji tu, maiti aliye katikati ya hadithi hutoweka, kama alivyotoweka katika mchoro. Mchoraji alionyesha uzuri na kuacha kaburi. Mhakiki naye asiliache.

5. Hitimisho

Yafaa basi mchoro na masimulizi vikusanywe pamoja, na maneno ya wenye nyumba wakiieleza picha yaandikwe katika Kiswahili chao cha Katanga bila kusanifishwa. Fabian alifanya kazi ya namna hiyo kwa historia iliyochorwa na Tshibumba Kanda Matulu, katika kitabu alichokitoa mwaka 1996. Mamba muntu anastahili uangalifu huohuo: kupimwa kama sanaa, na kuulizwa kila mara ni nani anayetuhumiwa hadithi inaposimuliwa.