Machozi na Lawama katika Filamu "Kaburi la Vimulimuli"

Filamu ya katuni iitwayo Hotaru no Haka, yaani "Kaburi la Vimulimuli", ilitolewa nchini Japani mwaka 1988. Mwongozaji wake ni Takahata Isao. Walioitazama hushuhudia jambo lile lile, kwamba walilia. Na uhakiki mwingi huishia hapo, kana kwamba machozi ni hoja. Yafaa kuuliza machozi hayo humlilia nani na humsamehe nani.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Mnamo Juni 1945 ndege za Marekani zinauchoma mji wa Kobe kwa mabomu ya moto. Seita, mvulana wa miaka 14, na Setsuko, mdogo wake wa kike wa miaka 4, wanafiwa na mama; baba ni ofisa wa jeshi la majini, na barua zake haziji. Wanapokewa na jamaa wamwitaye shangazi. Huyu huwabagua kwenye chungu: wali mzito wa chini ni wa binti yake na mpangaji, maji ya juu ni ya mayatima. Seita anamchukua mdogo wake wakakae katika handaki kando ya bwawa, na huko njaa inamuua Setsuko.

Mtazamaji hafichwi mwisho. Filamu hufungua kwa kifo cha Seita katika kituo cha reli cha Sannomiya, usiku wa tarehe 21 Septemba 1945, na roho yake ndiyo msimulizi. Hamu ya kujua "itakuwaje" imekwisha kuondolewa; linalobaki ni "ilikuwaje", swali zito kuliko la kwanza, kwa kuwa lamfanya mtazamaji apime kila tendo la kijana huyu.

Na matendo yake hayana usafi wote. Mama ameacha yen 7000 benki. Seita hatafuti kazi, na mkulima anapomshauri arudi kwa shangazi akaombe radhi, hasikii. Takahata alikana mara nyingi kwamba alitunga filamu ya kupinga vita. Kwake Seita ni kijana aliyejitenga na jamii akaponzwa na utengano huo. Kauli hiyo yastahili kusikilizwa, ikitoka kwa mtu aliyenusurika mabomu ya Okayama akiwa na umri wa miaka 9. Hata hivyo filamu yasema zaidi ya mwongozaji wake. Daktari anapomchunguza Setsuko, ataja utapiamlo, kisha amwita mgonjwa mwingine. Hakuna ukatili katika sauti yake, ila mazoea tu. Jamii ambayo Seita alipaswa kurudi kwayo ndiyo hiyo.

Chanzo cha lawama hizi kimo katika hadithi fupi ya Nosaka Akiyuki, iliyochapishwa mwaka 1967 na kutunukiwa tuzo ya Naoki. Nosaka mwenyewe alifiwa na mdogo wake wa kulelewa kwa njaa mwaka 1945, na baadaye aliungama kwamba hakuwa mwema kama Seita: chakula kilipopatikana, yeye alikula. Seita basi ndiye kaka ambaye mtunzi alitamani kuwa, na kifo cha Seita ni hukumu ambayo mtunzi alijipitishia. Anayejua hilo hawezi tena kulitazama lile kopo la peremende bila kuona deni, hasa Seita anapotia maji ndani yake ili mdogo wake anywe utamu uliobaki.

Lugha nayo yabeba sehemu ya mzigo. Neno hotaru, kimulimuli, kwa kawaida huandikwa kwa herufi moja ya Kichina. Nosaka aliliandika kwa mbili, ya "moto" na ya "kudondoka". Mdudu na bomu vikawa neno moja. "Kimulimuli" cha Kiswahili humulika tu, hakidondoshi moto, na mfasiri hana la kufanya. Pengine atafaulu zaidi katika mwito wa Setsuko kwa kaka yake, unaorudiwa hadi mwisho. Sauti hiyo ni ya mtoto halisi wa miaka 5, nayo ilirekodiwa kabla ya michoro. Wachoraji wakaufuata mdomo wake. "Kaka" limekwisha kuchakaa kwa kuitiwa kila mwanamume. "Yaya" la Lubumbashi lingefaa: humtaja mkubwa, na humdai ulezi.

Katika picha ya mwisho roho za watoto zimeketi kwenye benchi, Setsuko amelala juu ya paja la kaka yake. Seita anageuza macho kuelekea kwa mtazamaji, kitambo kidogo, bila neno. Kisha chini yao yaonekana Kobe ya leo, majengo yake yakiwaka taa usiku.