Risasi Kumi, Tundu Moja

Mlenga shabaha mzoefu akiingia duka la bunduki huko Marekani, muuzaji asiyemjua huanza kummwagia sifa: kitako cha mbao ya mjozi, rangi ya kisasa, darubini ya bure juu yake. Mgeni anaitikia kwa adabu tu. Anahakikisha bunduki ni tupu, anachomoa bolti, anawasha tochi ndogo na kuuinamia mdomo wa mtutu kana kwamba anatafuta mdudu sikioni mwa mtoto.

Ana sababu. Mdomo wa mtutu ndipo mahali pa mwisho bunduki inapoigusa risasi. Ukingo wake ukiwa na pengo hata dogo upande mmoja, gesi hutangulia kutokea hapo na kuisukuma risasi pembeni, na darubini ya bei yoyote haitaurekebisha mkosi huo. Bunduki iliyokwisha kutumika husema yenyewe: mabaki ya nta na moshi huchora nyota kuuzunguka mdomo. Nyota yenye miale iliyolingana ni dalili njema. Iliyoegemea upande mmoja inamtaka mnunuzi aulize kwanza fundi anatoza kiasi gani kuuchonga upya.

Bunduki inayozungumziwa hapa ni ile ndogo ya .22, iliyowafundisha watu wengi kulenga. Risasi yake, .22 Long Rifle, ilitolewa mwaka 1887 na kampuni ya J. Stevens ya jimbo la Massachusetts. Kichwa chake cha kawaida kina uzito wa gramu 2.6 na upana wa milimita 5.6 hivi. Kiswahili hutumia neno moja kwa madini na kwa kinachofyatuliwa, na kwa .22 neno hilo limekaa mahali pake hasa, kwani vichwa vingi vya shabaha ni madini ya risasi matupu yaliyopakwa nta. Udogo usimdanganye mtu: risasi hiyo ikikosa ukuta wa udongo nyuma ya shabaha huweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Ndiyo maana hulengwa kwenye viwanja vilivyojengwa kwa kazi hiyo, na nchini Kenya na Tanzania hata kuimiliki bunduki yenyewe kunahitaji leseni.

Baada ya mdomo wa mtutu, kidole. Bunduki maarufu kuliko zote katika daraja hili, Ruger 10/22, ilianza kuuzwa mwaka 1964 na imeuzwa kwa mamilioni. Ni nyepesi, haichoki, na magazini yake ya risasi kumi inayozunguka kama gurudumu ni kazi ya akili nyingi. Lakini kifyatulio chake cha kiwandani mara nyingi huhitaji nguvu ya kilo mbili na nusu au zaidi kukivuta, na bunduki nzima ina uzito wa kilo 2.3 hivi. Yaani mlengaji anaombwa avute kwa kidole kimoja uzito unaoishinda bunduki aliyoishika, na wakati huohuo asiitikise! Ruger wenyewe huuza kifyatulio mbadala kinachohitaji karibu nusu ya nguvu hiyo. Asiyeihesabu bei ya kifaa hicho hajaijua bei ya bunduki.

Kifyatulio kizuri hakisogei kwa kusuasua. Hukaa kimya chini ya kidole, kisha hukatika ghafla kama njiti kavu ya kibiriti, kila mara kwa nguvu ileile. Watengenezaji wa bunduki za Savage walilishughulikia jambo hili mapema. Mwaka 2002 walitangaza AccuTrigger, kifyatulio chenye ulimi mwembamba katikati ambacho mwenyewe anaweza kukipunguzia uzito bila kuhatarisha usalama, na baadaye wakakiweka hata kwenye Mark II, bunduki yao ya bolti ya .22 ambayo mara nyingi hupatikana kwa chini ya dola 400. Kitako chake cha plastiki ni chepesi cha kukera, na bolti yake husugua kama mlango wa ghala. Kwenye karatasi ya shabaha, hata hivyo, imewaaibisha wenye bunduki za bei mara mbili yake.

Kukijaribu kifyatulio dukani kuna adabu yake. Pini ya .22 hupiga ukingo wa ganda, siyo katikati, na katika bunduki nyingi za zamani kufyatua bila risasi huifanya pini igonge chuma cha mtutu na kuacha kovu. Mjuzi huomba ruhusa, au huja na ganda lililokwisha kutumika mfukoni.

Urefu wa mtutu ni jambo la kupita haraka. Baruti ya .22 ni kidogo mno, na kufika sentimita 40 hivi imekwisha kufanya karibu kazi yake yote, kwa hiyo mtutu mrefu hauongezi kasi. Cha kuchunguza ni upande wa pili, pale risasi inapolala kabla ya kufyatuliwa. Bunduki za matumizi ya jumla huachiwa nafasi pana ili zimeze risasi za kila kiwanda bila kukwama. Za shabaha hubanwa, kiasi kwamba kichwa cha risasi hugusa mifereji ya mtutu bolti inapofungwa. CZ wa Uherský Brod, Jamhuri ya Cheki, hutengeneza aina zote mbili katika familia yao ya 457, na iitwayo Varmint MTR ina nafasi iliyobanwa. Pamoja na Tikka T1x ya Wafini, iliyotoka mwaka 2018, familia hiyo ndiyo jibu la kawaida kwa mwenye dola 500 hadi 700. Ukiinua mkono wa bolti ya CZ, unatembea nyuzi 60 tu na kuteleza bila kelele. Mtu aliyezoea Savage hucheka peke yake.

Linalosahaulika dukani ni namna bunduki itakavyosafishwa. Ruger 10/22 nyingi na Marlin 60 hazina uwazi nyuma wa kupitishia ufito moja kwa moja, kwa hiyo wengi huuingiza kwa mbele, na ufito wa chuma ulioingizwa hovyo kwa miaka ishirini huula ukingo uleule wa mdomo. Bunduki ya bolti husafishwa kwa nyuma. Anayenunua kuukuu afadhali achukue bunduki iliyosafishwa mara chache kuliko iliyosuguliwa kila Jumapili na mtu mwenye bidii bila maarifa.

Halafu yanakuja majigambo. Karibu kila muuzaji ana karatasi yenye matundu matano yaliyokumbatiana, na huionyesha kama cheti cha ndoa. Kundi moja la risasi tano halithibitishi kitu. Bunduki ileile, na mlengaji yuleyule, huweza kutoa kundi la milimita 12, na dakika tano baadaye la milimita 22, bila chochote kubadilika ila bahati. Risasi zikiwa kumi, upana wa kundi hukua kwa karibu robo, na hapo ndipo ukweli unapoanza kuonekana. Mnunuzi makini huomba makundi kadhaa mfululizo, likiwemo lililoharibika, kwa mita 50. Kipimo kinajulikana: kwenye shabaha ya Olimpiki ya mita 50, duara la alama kumi lina upana wa milimita 10.4. Bunduki ya bei nafuu inayoweka risasi kumi ndani ya milimita 20, siku baada ya siku, ni ya kushika kwa mikono miwili.

Darubini nayo ina mtego wake. Iliyotengenezwa kwa bunduki kubwa mara nyingi imepangwa kwa mita 90 na zaidi, hivyo kwa mita 50 alama yake huonekana kuhama jicho likisogea kidogo. Ya .22 hupangwa karibu na mita 46, au huwa na gurudumu la kurekebisha.

Yote hayo ni nusu ya habari. Nusu ya pili imo ndani ya pakiti ya risasi hamsini. Wenye bunduki kubwa hujaza maganda yao upya nyumbani na kupima baruti kwa mizani. Wa .22 hawezi, kwa kuwa kemikali ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa ganda na huharibika mara moja tu ipigwapo. Atafyatua kile kiwanda kilichopima. Na kiwanda kikikosea, hesabu ni ya shule: risasi mbili zikipishana kasi kwa mita 10 kwa sekunde, kwa mita 50 zitapishana wima kwa karibu milimita 8. Duara zima la alama kumi nusura liliwe kabla mlengaji hajakosea lolote.

Kasi kubwa haisaidii pia. Risasi za haraka huanza kwa mita 380 hivi kwa sekunde, kisha hushuka chini ya kasi ya sauti zikiwa njiani na kuyumba zinapovuka mpaka huo. Za shabaha huanza chini yake, karibu mita 325, na husafiri kwa utulivu. Ndiyo sababu pakiti iliyoandikwa kwa herufi kubwa za kutisha mara nyingi ndiyo mbaya zaidi uwanjani.

Basi mwenye bajeti ndogo hugawa fedha kinyume cha matarajio ya muuzaji: Savage badala ya CZ, na tofauti yake inunue pakiti mojamoja za aina sita au saba. SK ya Ujerumani ni ya kuanzia, kwani hutoka kiwanda kimoja na Lapua, kule Schönebeck, kwa bei ya chini. Kila aina hupewa risasi kadhaa za kuuzoesha mtutu nta mpya, ndipo makundi yahesabiwe. Mtutu huchagua wenyewe, na hauna heshima kwa bei. Washindani wakubwa hubeba bunduki zao hadi Schönebeck, au kwa Eley huko Birmingham, wazifunge kwenye kibanio na kujaribu mkupuo mmoja baada ya mwingine wa risasi zenye jina lilelile. Mlengaji wa kawaida hufanya hivyohivyo kwa kalamu. Huandika namba ya mkupuo iliyopigwa kwenye pakiti kando ya kila kundi, na akiipata inayoupendeza mtutu wake, hurudi dukani jioni hiyohiyo kabla wengine hawajaimaliza.