Dakika 224 na Maiki Moja

Lagaan, filamu ya Kihindi iliyotoka mwaka 2001, ina urefu wa dakika 224, na zaidi ya saa nzima ya mwisho ni mechi ya kriketi. Sisi wa Koboko, Uganda, tunajua mpira wa miguu. Hata hivyo niliitazama hadi mwisho kwenye benchi la mbao, katika banda la video lililojaa waendesha bodaboda na wachuuzi waliotoka Kaya na Ariwara, na watu hawakuondoka. Ashutosh Gowariker, aliyeiongoza, anastahili sifa yake. Mimi namsifu zaidi yule aliyekaa pembeni ya skrini na maiki.

Mfasiri huyo wa filamu Uganda huitwa VJ. VJ Jingo na VJ Junior wanajulikana nchi nzima kwa Kiganda chao. Kenya wana DJ Afro, na Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu. Huyu wetu hakuwa na diski yenye jina lake. Alifasiri papo hapo, kwa Kiswahili, akichomeka Kikakwa pale watu walipotaka kucheka.

Filamu ya risasi ya saa moja na nusu huweza kupigiwa kelele mwanzo hadi mwisho. Saa nne kasoro haziendi hivyo: koo litakauka, na watu watamchoka mfasiri kabla ya kuichoka filamu. Kwa hiyo kazi yake kubwa ilikuwa kupima pa kunyamaza. Mkono wa kushoto ulishika kitufe cha sauti. Aliishusha filamu, akasema maneno manane au kumi, akaipandisha tena kabla mhusika hajafunga mdomo, ili tusikie hasira yake mwenyewe ikiishia. Nyimbo za A. R. Rahman hakuzigusa kabisa. Alisema tu nani anampenda nani, akaweka maiki mapajani, akanywa maji.

Hadithi ni ya mwaka 1893: kijiji kimepigwa na ukame, na Kapteni Russell anadai kodi maradufu, kisha anaahidi kuifuta iwapo wanakijiji watawashinda Waingereza katika kriketi. Habari ya kodi mfasiri hakuifafanua, wala haikuhitaji. West Nile yetu iliingizwa Uganda mwaka 1914, na vijana wengi wa enzi za babu zetu walishuka hadi mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi kutafuta fedha ya kodi hiyohiyo. Russell alimpa Kiswahili cha kambini, kifupi, cha amri, kile ambacho askari wa KAR, jeshi la kikoloni, walirudi nacho nyumbani. Wanakijiji aliwapa Kiswahili cha sokoni. Hivyo hata aliyechelewa na kuketi nyuma ya nguzo alijua nani anasema.

Lakini ustadi wake niliuona hasa kwenye kriketi. Elizabeth, dada wa kapteni, alipokuwa akiwafundisha wanakijiji kwa siri, mfasiri alitufundisha pamoja nao: vijiti vitatu ni vya kulindwa, mbio ndizo pointi, mpira ukivuka mpaka bila kugusa chini ni mbio sita. Alitoa kanuni mojamoja, kama mama anavyompa mtoto uji. Diski zilikuwa tatu, na kila ilipobadilishwa alitumia giza lile kutukumbusha nani ni nani: Kachra mwenye mkono uliolemaa, Lakha aliyewasaliti wenzake, mbio zilizobaki. Japani enzi za filamu zisizo na sauti walikuwa na wasimulizi kama hawa, benshi, na watu waliingia sinema kwa ajili yao kama walivyoingia kwa ajili ya waigizaji. Naelewa kwa nini.

Ilipofika dakika ya mwisho hakuwa na la kueleza tena. Mpira wa mwisho ulibatilishwa kwa sababu mrushaji alikanyaga nje ya mstari, yeye akasema neno moja tu, “Urudiwe!”, na banda zima likasimama. Bhuvan, kiongozi wa wanakijiji, akapiga, Russell akaudaka mpira, na kabla mfasiri hajafungua mdomo kijana mmoja wa mbele alishapiga kelele kwamba kapteni amekanyaga nje ya mpaka, kwa hiyo ni sita. Mfasiri alipandisha sauti ya filamu hadi mwisho, akaiacha hapo. Nje, kwenye bodaboda, vijana walibishana kama Russell alipaswa kumweka mrushaji mwingine, na hoja zao zote zilifuata kanuni za kriketi.