Doa la Maji na Mkono Unaojua Kujizuia

Mtu aliyehamia Harrow, kaskazini-magharibi mwa London, akitokea Kampala huyajua maji ya huko kwa sabuni kabla hajayajua kwa ladha. Povu halipandi, birika la chai linaota ukoko mweupe kwa ndani, na gari lililooshwa asubuhi likaachwa lijikaukie linabaki na madoa meupe ya duara, yametapakaa boneti nzima. Kampala hunywa maji ya Ziwa Victoria, maji laini yenye madini machache. Ya Harrow hutoka chini ya ardhi, katika mwamba wa chaki wa upande wa vilima vya Chiltern, na mengine katika mto Thames, ambao nao umepita nchi ya chaki na mawe ya chokaa kabla ya kufika London. Waasia wa Kenya waliofika mwishoni mwa miaka ya 1960, na wale wa Uganda waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, wengi waliweka makazi katika vitongoji hivi vya kaskazini-magharibi, na Kiswahili chao cha dukani na jikoni wakaja nacho. Naandika kwa ajili yao na kwa ajili ya kila anayeoshea gari maji ya namna hii, kutetea jambo moja: kuondoa madoa haya ni ufundi kamili, wa kuheshimiwa kama useremala wa milango ya nakshi, na heshima yake imo katika kujizuia. Fundi bora wa kazi hii ni yule anayeondoa doa huku akigusa rangi kidogo kuliko wenzake wote. Fundi wa namna hiyo anazidi kuadimika, wakati maduka yamejaa dawa na mashine za kumrithi.

Tuanze na tone lenyewe, kwa kuwa ufundi wote umo humo. Maji ya mvua yanapozama ardhini huchukua kaboni dayoksaidi, yakapata uchachu kidogo, na uchachu huo hula chaki na kuibeba ikiwa imeyeyuka. Nchini Uingereza maji yanayopita miligramu 200 za kalsiamu kaboneti kwa lita huhesabiwa kuwa magumu. Tuseme yana 250: ndoo ya lita 10 imebeba gramu 2 na nusu za chokaa ambayo jicho haliioni. Tone likikaa juu ya rangi, hewa ile inatoka, maji yanageuka mvuke, na chokaa inarudi kuwa jiwe. Wala hairudi kwa usawa. Ukingo wa tone hukauka haraka kuliko katikati, basi maji ya katikati hukimbilia ukingoni kujaza nafasi, yakisomba madini njiani. Wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Chicago walilieleza jambo hilo mwaka 1997 walipochunguza doa la kahawa. Ndiyo sababu doa la maji lina pete nzito pembeni na weupe hafifu ndani. Anayeijua pete hiyo anajua kazi iko wapi, na anajua kwamba kukazana kusugua katikati ni kuchuna rangi isiyo na kosa.

Chini ya pete hiyo pana klia, vanishi ya juu isiyo na rangi, yenye unene wa sehemu 40 hadi 50 za elfu ya milimita, yaani kama nusu ya karatasi ya ofisini. Hiyo ndiyo akiba yote. Ndani yake mna kemikali zinazoikinga rangi na miale ya jua, na kila mashine inapopita na dawa ya kusaga, akiba hiyo inapungua wala hairudi. Kwa hiyo fundi mwenye adabu ya kazi huanza na kilicho dhaifu. Gari huliweka kivulini, akangoja bodi ipoe hata kiganja kisihisi joto. Huliosha kwanza, maana kusugua vumbi ni kusugua mchanga. Kisha huchukua siki nyeupe ya jikoni, akaichanganya nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Kitambaa laini hukilowesha, akakikamua, akakilaza juu ya doa. Hakisugui. Hukiacha dakika moja, au mbili, asikiruhusu kukauka. Chokaa ikikutana na siki hutoa mapovu madogo mno, na kinachotoka katika mapovu hayo ni kaboni dayoksaidi, hewa ile ile iliyoisaidia kusafiri kutoka mwambani. Kisha anakiinua kitambaa, anafuta mara moja kuelekea upande mmoja, anasuuza, anakausha, anainama na kutazama kwa mwanga wa taa iliyoshikwa ubavuni.

Hapo kwenye kuinama ndipo ufundi wenyewe ulipo, kwa kuwa mkono umesimama na akili inaamua. Doa likibaki, ni doa gani? Huenda ni chokaa ambayo bado haijaisha, na dawa yake ni kurudia kwa upole ule ule. Huenda ni silika, madini ya mchanga, ambayo siki haiiwezi hata ingelazwa kutwa nzima. Hiyo hutafutiwa udongo wa kusafishia bodi, ule uliobuniwa Japani, unaotelezeshwa juu ya maji ya sabuni bila kukandamizwa. Au huenda hapana kitu juu ya rangi tena, pana shimo: madini na joto vimekwisha kuila klia. Ncha ya kidole humsaidia fundi, maana kilichoganda juu hukwaruza kidogo, na shimo halikwaruzi. Hilo la mwisho tu ndilo linaloita polishi, ya mkono kwanza, ya mashine baadaye. Na kuna shimo ambalo fundi huliacha. Akipima unene wa rangi kwa kifaa chake akaona kilichobaki hakitoshi, humwambia mwenye gari kwamba doa hili litakaa, na kuliondoa ni kuharibu zaidi. Sijui kipimo bora cha fundi kuliko kazi anayokataa kuifanya. Akimaliza hupaka nta, kwa kuwa huenda siki imeondoa ile ya zamani na klia iko uchi.

Ujuzi huu una asili ndefu kuliko gari lenyewe. Wale walioosha magari ya farasi London hawakuwa na kemia, lakini walifuata kanuni zile zile: usioshe juani, usiache tone likauke juu ya vanishi, maliza kwa ngozi laini. Rangi ya magari hayo ilipakwa tabaka juu ya tabaka kwa wiki nyingi, na chama cha waundaji wa magari hayo kilipata hati ya kifalme mwaka 1677. Kitu kilichogharimu kazi ya namna hiyo hakikukabidhiwa mkono wa haraka. Gari la injini lilipokuja lilirithi rangi ile na mikono ile. Harrow inao ukumbusho wa zama hizo: tarehe 25 Februari 1899, kwenye mteremko wa Grove Hill, gari aina ya Daimler lilipata ajali, dereva wake Edwin Sewell akafa hapo hapo na abiria wake, Meja Richer, akafa siku chache baadaye. Ilikuwa ajali ya kwanza iliyoandikwa nchini Uingereza kumuua dereva wa gari la injini, na tangu mwaka 1969 pana kibao mahali hapo. Ni haki kiwepo. Ila historia ya gari huandikwa kwa kasi na kwa ajali, na walioliosha na kulikausha hawamo ndani yake hata kwa jina moja. Kisha, mwaka 1923, General Motors ilileta magari ya Oakland yaliyopakwa Duco, rangi ya DuPont iliyokauka kwa saa badala ya wiki. Ilikuwa neema kwa mnunuzi, maana bei ilishuka. Lakini rangi ilipoacha kumchukua mtu wiki nyingi, ilianza pia kuonekana kitu kisichohitaji mtu.

Wako watakaosema ninakuza jambo dogo. London, watasema, haina jua la kuunguza doa. Lakini tarehe 19 Julai 2022 Heathrow, si mbali na Harrow, ilifika nyuzi joto 40.2; London hii si ile ya mawingu ya daima ambayo watu huisimulia, na bodi nyeusi iliyoanikwa siku kama hiyo haiguswi kwa mkono. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hili ni pambo: gari ni chombo cha kumfikisha mtu kazini, na chombo hakihitaji kung'aa. Nakubali nusu yake. Kung'aa kwenyewe hakunihusu sana. Lakini klia iliyoliwa hufungua njia kwa jua, rangi ya chini hupauka, paneli hubambuka, na kupaka rangi paneli moja ni gharama ambayo familia nyingi za mtaani huihisi. Zaidi ya hayo, anayetaka kung'aa tu ndiye anayekimbilia mashine, kwa kuwa mashine hung'arisha kwa robo saa na kuficha hasara kwa miaka. Kwa hiyo ninachokitetea hapa ni uwekevu, na pambo ni adui yake.

Wengine watasema teknolojia imeshamaliza suala: paka kinga ya seramiki, au osha kwa maji yaliyoondolewa madini. Ya kwanza siikubali. Kinga hizo hufanya maji yasimame kama shanga, na shanga ikiachwa juani hukauka pale pale na mzigo wake wote; doa halizuiwi, linahamia juu ya kinga. Ya pili ina ukweli mwingi. Wasafisha madirisha wa London hupitisha maji katika mtungi wa chembe zinazonasa madini, wakaangalia kipimo kikisoma sifuri, wakasuuza kioo na kuondoka bila kukifuta, nacho kinakauka safi. Mwenye gari akiweza, afanye hivyo. Ila mtungi huo huchoka upesi katika maji ya chaki, haufiki penye kinyunyizio cha bustani ya jirani, na hauondoi doa la mwezi uliopita. Kinga na tiba ni kazi mbili, na ya pili bado inataka mtu.

Wala si lazima kinga iwe ya gharama. Watu wa mwambao wetu, wanaoishi juu ya mwamba wa matumbawe ambao maji ya visima vyake yamejaa chokaa, walijenga majabia ya kukingia maji ya mvua tangu zamani, wakayatunza kwa shughuli ambazo maji ya kisima hayakuzifaa. Mvua ya Harrow nayo ni laini, kwa kuwa haijagusa chaki bado. Pipa chini ya mfereji wa paa, maji yakachujwa kwa kitambaa ili kuondoa uchafu wa vigae, yanatosha kwa suuza ya mwisho ya gari zima. Wala hofu ya doa la maji si ngeni mjini humo: kiwanda cha Kodak cha Wealdstone kilifanya kazi tangu mwaka 1891 hadi 2016, na kila aliyewahi kuanika filamu alijua kwamba tone moja la maji ya bomba likikauka juu ya negativu limeharibu uso wa mtu katika picha. Wapiga picha walisuuza mara ya mwisho kwa maji yaliyokenekwa, wakatia matone machache ya dawa iitwayo Photo-Flo ili maji yateremke kwa mtiririko mmoja bila kuacha alama. Kwa miaka 125 Harrow ilitengeneza vifaa vya sanaa iliyoogopa doa la maji. Leo boneti zake zimejaa pete nyeupe na watu huzipita kama kitu cha kawaida.

Lawama yangu siielekezi kwa waosha magari. Mwaka 2018 kamati ya Bunge la Uingereza inayokagua masuala ya mazingira ilichapisha taarifa juu ya vituo vya kuoshea magari kwa mkono; iliambiwa kwamba huenda viko kati ya 10,000 na 20,000 nchini, na ilieleza habari za wafanyakazi kunyonywa, ujira duni na maji machafu kumwagwa ovyo. Mtu anayelipwa hivyo, huku foleni ikimsubiri, hana dakika mbili za kulaza kitambaa juu ya doa, na kumtaka awe nazo ni dhuluma juu ya dhuluma. Ni sisi wateja tuliokubaliana kwamba kuosha ni kumwagia maji na kuondoka, tukaingia barabarani gari likichuruzika ili upepo ulikaushe, na tukaona tumepunguziwa bei. Dakika zilizopunguzwa ni zile za kukausha, na kukausha ndiko kulikokuwa nusu ya kazi.

Mwanafunzi wa zamani wa kazi hii alikaa na ndoo na kitambaa muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kugusa mashine. Alikuwa akijifunza kuona: mwanga unavyolala juu ya paneli, joto la bodi, tofauti ya kilichoganda na kilichochimbika. Siku hizi mashine ya kung'arishia huuzwa kwa yeyote mwenye soketi ukutani, imefungwa pamoja na chupa tatu za dawa, na maelezo yake huanza na ile iliyo kali. Mafundi wanaoweza kuisoma pete ya doa wapo bado, wengi wakihudumia magari ya thamani kubwa ambayo wenyewe hawaulizi bei. Gari la mzazi wa Wealdstone au la muuguzi wa Rayners Lane, ambalo lingedumu miaka mingi zaidi likilazwa kitambaa cha siki kwa dakika mbili, huwafikia klia ikiwa imekwisha, wakati hata wao hawana la kufanya isipokuwa kulipeleka kwa fundi rangi.