Kipande Kimoja, Kazi Mbili: Namna Rangi Zilivyopatikana Katika Kompyuta ya Apple II

Kompyuta ya Apple II, ambayo umma uliiona kwa mara ya kwanza mwezi Aprili 1977 katika maonesho ya West Coast Computer Faire mjini San Francisco, husifiwa zaidi kwa sanduku lake la plastiki na kwa kuuzwa ikiwa imekamilika, tofauti na mitambo mingi ya wakati ule iliyomtaka mnunuzi alehemu vipande mwenyewe. Sifa hizo ni za haki, lakini ni sifa za duka. Kwa mtu anayetaka kuelewa ufundi, jambo lenye uzito zaidi limo chini ya kifuniko: kifaa hiki kilichora picha za rangi kwenye televisheni ya kawaida ilhali ndani yake hamkuwa na saketi ya kawaida ya kuunda rangi.

Mbunifu wake, Steve Wozniak, aliyezaliwa mwaka 1950 huko San Jose, California, alikuwa mhandisi wa vikokotoo katika kampuni ya Hewlett-Packard, na kompyuta aliziunda kwa mapenzi yake baada ya saa za kazi. Tangu ujana wake alikuwa na mazoea ya kutafuta vitabu vya maelezo ya kompyuta za makampuni makubwa na kuzichora upya kwenye karatasi, kila mara akijaribu kupunguza idadi ya chipu, yaani vile vipande vidogo vya silikoni vinavyobeba saketi ndani yake. Na kwa kuwa hakuwa na fedha za kununua hata chipu moja kati ya hizo, mashindano yote yalibaki ya penseli na raba. Ni dhahiri kwamba tabia hiyo haikutokana na ubahili wa kiwanda. Ilikuwa utundu, neno ambalo katika Kiswahili hubeba kwa pamoja ukorofi wa mtoto na werevu wa fundi, na hapa maana zote mbili zinahusika. Klabu ya Homebrew Computer Club ilipoanza kukutana mwezi Machi 1975 katika gereji moja mjini Menlo Park, Wozniak alipata hadhira iliyoweza kuutambua werevu wa aina hiyo kwa kuutazama ubao tu, na mwaka huohuo kampuni ya MOS Technology ikaanza kuuza prosesa yake ya 6502, yaani kiungo kinachotekeleza amri za programu, kwa dola 25, wakati ambapo bei iliyotangazwa ya prosesa ya 8080 ya Intel ilikuwa dola 360.

Haja ya rangi nayo haikutoka ofisini. Mwaka 1975 Wozniak alikuwa amebuni kwa ajili ya kampuni ya Atari saketi ya mchezo wa Breakout, ambamo mchezaji hurudisha mpira kwa kigongo na kubomoa ukuta wa matofali, na baadaye akataka mchezo huohuo uweze kuandikwa kwa lugha ya programu ya BASIC, bila kugusa chuma cha kulehemu. Matofali yalihitaji rangi, kigongo kilihitaji kitufe cha kuzungusha, na mpira ulihitaji mlio unapogonga. Vyote vitatu vikaingia katika ubao wa Apple II.

Ili kuelewa namna rangi zilivyopatikana, ni lazima kwanza kueleza jinsi televisheni ya Marekani ilivyozipokea. Mfumo wa NTSC, ulioidhinishwa kwa matangazo ya rangi mwaka 1953, ulitakiwa kuzifaa pia televisheni za zamani zisizojua rangi, na kwa sababu hiyo habari za rangi zilipachikwa juu ya ishara ya nyeusi na nyeupe katika umbo la wimbi dogo lenye masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, ya megahezi 3.579545. Mwanzoni mwa kila mstari wa picha kituo kilituma mitetemo michache ya wimbi hilo ili iwe kipimo, kisha televisheni ililinganisha kila wimbi lililofuata na kipimo hicho. Wimbi likichelewa kidogo nyuma ya kipimo huonekana kama rangi fulani, likichelewa zaidi huwa rangi nyingine. Kuchelewa huko ndiko huitwa awamu. Nguvu ya wimbi, kwa upande wake, huamua ukolevu wa rangi. Saketi ya kawaida ya kuunda ishara kama hiyo ilihitaji vipande vya kuzalisha wimbi laini, vya kulichelewesha kwa kiasi kinachotakiwa na vya kulichanganya na mwanga. Dazzler, kifaa cha kampuni ya Cromemco kilichozipa rangi kompyuta za aina ya Altair mwaka 1976, kilichukua bao mbili nzima.

Wozniak alitambua kwamba televisheni haina njia ya kujua wimbi limetoka wapi. Kama saketi ya kidijitali, ambayo haijui kitu zaidi ya kuwasha na kuzima, ikiwasha na kuzima kwa mpangilio unaojirudia mara milioni 3.58 kwa sekunde, televisheni itadhani imeletewa wimbi la rangi. Kwa hiyo alichukua tarakimu nne za jozi, yaani biti nne, akazizungusha mfululizo ndani ya chipu ya kusukuma biti kwa kasi ya megahezi 14.318, ambayo ni mara nne ya masafa ya rangi, na matokeo yake akayapeleka moja kwa moja kwenye waya wa picha. Biti nne zikikamilisha mzunguko mmoja, wimbi moja la rangi limekwisha kuchorwa. Ikiwa ni biti moja tu iliyowashwa kati ya nne, hutokea rangi iliyofifia mwanga, kama buluu nzito au kahawia, kutegemea nafasi ya biti hiyo. Zikiwashwa tatu hutokea rangi angavu, kama njano au waridi. Michanganyiko yote ni 16, lakini rangi zinazotofautiana kwa macho ni 15, kwa sababu ile miwili inayowasha biti moja na kuruka moja hutetema kwa kasi maradufu ya masafa ya rangi, hivyo televisheni huiona yote miwili kuwa kijivu kilekile. Hicho kijivu cha pili, kisicho na faida kwa yeyote, ni alama nzuri ya namna kazi ilivyofanyika: rangi hazikuchaguliwa na msanii, bali zilikuwa ni kile kilichopatikana baada ya hesabu kumalizika.

Kasi hiyo ya megahezi 14.318 ilitoka katika fuwele moja ya kwatzi, jiwe linalotetema kwa uthabiti linapopitishwa umeme, na fuwele hiyohiyo ndiyo iliyoendesha kompyuta nzima. Ukigawa kwa nne unapata masafa ya rangi. Ukigawa kwa 14 unapata mapigo ya prosesa, ambayo ni zaidi kidogo ya megahezi 1. Kila mstari wa picha ulichukua mapigo 65 ya prosesa, 40 ya kuonesha na 25 ya mwale wa televisheni kurudi upande wa kushoto, na hapa ndipo tatizo dogo lilipojificha, kwani 65 mara 14 ni 910, na 910 ikigawanywa kwa nne ni mawimbi 227 na nusu. Kwa kituo cha televisheni nusu hiyo ilikuwa ya makusudi, maana iliigeuza mistari inayofuatana ili vidoto vya rangi visionekane. Kwa kompyuta inayotaka tofali lake liwe na rangi moja kutoka juu hadi chini, nusu hiyo ni balaa. Dawa ya Wozniak ilikuwa kulirefusha pigo la mwisho la kila mstari kwa mitetemo miwili ya fuwele, jumla ikawa 912, na mawimbi yakawa 228 kamili. Prosesa ilicheleweshwa kidogo sana mara moja kwa kila mstari, na hakuna mchezaji aliyeweza kulihisi hilo.

Uhodari huohuo unaonekana katika kumbukumbu. Prosesa ya 6502 huigusa kumbukumbu katika nusu ya pili tu ya kila pigo, na katika nusu ya kwanza hutayarisha anwani, yaani namba ya mahali katika kumbukumbu. Wozniak aliipa saketi ya picha hiyo nusu ya kwanza, hivyo pande mbili zikatumia kumbukumbu ileile bila kugongana, kama watwangaji wawili wanaopokezana michi katika kinu kimoja. Kompyuta nyingine za wakati ule zililazimika kuisimamisha prosesa wakati wa kuchora, au kukubali picha kujaa chembechembe kila programu ilipoandika kwenye skrini. Tena kulikuwa na faida ya pili. Chipu za kumbukumbu za bei nafuu huhifadhi kila biti kama chaji ndogo ya umeme inayovuja, na zisiposomwa upya ndani ya milisekunde chache husahau kila kitu, kwa hiyo wabunifu huweka saketi maalumu ya kuzikumbusha. Katika Apple II saketi ya picha ilikuwa tayari inazisoma chipu hizo bila kupumzika. Anwani zikapangwa ili usomaji huo upitie safu zote kwa wakati, na saketi ya kukumbusha ikawa haihitajiki.

Hata hivyo, kilichookolewa kwenye ubao kililipwa na mtu mwingine. Skrini ya maandishi ilikuwa na mistari 24 yenye herufi 40, na kutafuta mwanzo wa mstari kulihitaji kuzidisha kwa 40, kazi inayodai chipu za ziada. Wozniak aliikwepa kwa kufunga mistari mitatu katika kila fungu la baiti 128 (baiti ni kundi la biti nane), ambamo 120 hutumika na 8 hubaki, lakini mistari hiyo mitatu si jirani. Mstari wa kwanza huanzia anwani 1024, na anwani 1064, ambapo mtu angetarajia kuukuta mstari wa pili, ni mwanzo wa mstari wa tisa. Wa pili uko 1152. Katika picha za vidoto, ambazo ni namna ya kuchora tofauti na ile ya rangi 15, zenye upana wa vidoto 280 na kimo cha vidoto 192, mistari miwili inayogusana machoni kwa kawaida hutenganishwa na baiti 1024 katika kumbukumbu, na ndiyo maana picha iliyopakiwa kutoka diski ilijitokeza kwa vipande vipande, mfano wa dirisha la vibao linalofunguliwa. Waandishi wa michezo waliotaka kasi waliacha kuhesabu, wakatunza jedwali la anwani zote 192.

Katika picha hizo za vidoto mtego ulikuwa mkali zaidi, kwa kuwa kidoto chenyewe hakikuwa na rangi. Kidoto kilichowashwa katika safu shufwa kilionekana zambarau, katika safu witiri kilionekana kijani, na viwili vilivyogusana vilionekana vyeupe, yote yakitokana na awamu. Kila baiti ilibeba vidoto saba, idadi witiri, hivyo mchoro wa zambarau ukisogezwa baiti moja kulia uligeuka kijani, na programu ililazimika kutunza nakala mbili za mchoro mmoja. Katika bao za kwanza rangi za namna hii zilikuwa nne tu, zikihesabiwa nyeusi na nyeupe. Toleo lililofuata lilitumia biti ya nane, iliyokuwa haina kazi, kuchelewesha vidoto saba kwa nusu kidoto, na kuchelewa huko kukaleta buluu na rangi ya chungwa. Toleo hilo liliongeza pia saketi ya kuzima rangi wakati wa maandishi, kwani kabla ya hapo herufi zilikuwa na kingo za zambarau na kijani, na hilo halikushangaza: kwa televisheni, herufi na tofali ni wimbi tu.

Utegemezi huu wa NTSC ulifanya hila yote iishie kwenye mpaka. Katika mfumo wa PAL, uliotumiwa na nchi nyingi za Ulaya na pia Zanzibar, ambayo ilikuwa na televisheni ya rangi katika miaka ya 1970 wakati Tanzania Bara haikuwa na televisheni yoyote, masafa ya rangi ni megahezi 4.43 na awamu hugeuzwa kila mstari. Kwa hiyo toleo la Ulaya la Apple II lilitoa picha isiyo na rangi hadi mwenyewe aongeze kadi, yaani ule ubao wa ziada ambao Wozniak alikuwa ameuepuka.

Mpangilio ule wa anwani ndio ulioishi kuliko sababu yake. Mwaka 1986, kompyuta ya Apple IIGS ilipotolewa, karibu saketi yote ya mtangulizi wake ilikuwa imeingizwa katika chipu moja iliyoitwa Mega II, ambamo kuzidisha kwa 40 kusingemgharimu mtu chochote. Lakini programu za karibu miaka kumi zilikuwa zimeandikwa kwa majedwali yao, na ndani ya chipu hiyo mstari wa pili uliendelea kuanzia 1152.